Shabu

Mama alikuwa akitia shabu kwenye mtungi,
kipande kidogo kama jino la mtoto.
Anakizungusha mara saba, ananyamaza.
Matope ya kijito yakashuka polepole
kama watu waliosikia majina yao yakiitwa,
maji yakabaki juu, yakituangalia.
Hiyo ilikuwa Arua, kabla ya bomba.

Leo niko Entebbe, ghorofa ya pili.
Dirisha limepakwa visubi wa ziwani waliokufa usiku,
na mbele yangu, katika kichupa kisichozidi kidole,
shabu ileile.
Si ileile hasa. Daktari Nakitende angenisahihisha:
chumvi ya alumini, ute mweupe,
binamu tu wa kijiwe cha mama.
Nami ningejibu, ndiyo, Daktari,
na moyoni ningeendelea kuiita shabu.

Tulianza na chanjo tupu.
Kipande cha ganda la bakteria, kimesafishwa,
kimesafishwa mno,
hakina uhai, hakina ubaya, hakina hata harufu.
Tukawadunga panya ishirini.
Mwili ukakitazama kipande kile
kama mlinzi wa usiku amtazamavyo mgeni mwenye suti:
pita, mzee.
Akajifunika tena blanketi lake.
Daftarini hakuandika kitu.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Hawakusema lolote juu ya sikio zima
linalonong'onezwa.

Ndipo tukachanganya shabu.
Shabu haiui kijidudu, haimjui hata kwa sura.
Kazi yake ni ung'ang'anizi:
inakishika kipande palepale chini ya ngozi,
inawasha kidogo, inavimbisha kidogo,
inagonga geti kwa jiwe
mpaka mlinzi aamke amekasirika,
ammulike mgeni usoni kwa tochi,
aandike: pua hivi, kovu hivi,
huyu akirudi, asifunguliwe.

Kaka yangu aliitwa Dramadri.
Alizaliwa wiki ya matanga, wakamtia kifo jinani.
Mimi nilizaliwa mwaka wa ufuta mwingi,
nikawa Ayikoru, furaha.
Kiangazi kile, vumbi likiwa jekundu mpaka kwenye uji,
shingo yake ilikaza kama mpini wa jembe.
Jumatatu alikuwa akilalamikia mwanga.
Jumatano tulikuwa tukitafuta mbao.
Mlinzi wake aliamka, nina hakika aliamka,
ila nyumba ilikuwa imeshaungua.

Alhamisi umeme ulikatika saa nne asubuhi.
Jenereta ikakohoa, ikakohoa, ikashika.
Nilikuwa na sahani ya visima tisini na sita,
na katika kila kisima chembe ya damu ya mkia wa panya.
Nikadondosha rangi. Nikangoja.
Safu za chanjo tupu: maji ya mchele.
Safu za chanjo na shabu
zikaanza kwa buluu hafifu, zikakolea,
nilipotia asidi zikageuka njano,
njano ya ndizi ndogo zilizoivia guniani.
Tumwebaze akapiga meza: "Kingamwili hizo! Hizo!"
mpaka kalamu zikaanguka.

Isipokuwa panya wa kumi na nne.
Alipewa chanjo, alipewa shabu, sindano ileile, mkono uleule,
na visima vyake vilikuwa vyeupe.
Nikarudia. Vyeupe.
"Tumwache nje ya hesabu?" Tumwebaze akauliza.
Nakitende hakuinua macho kwenye karatasi.
"Mwandike."

Jioni mama alipiga simu.
Kila mwezi huuliza swali moja, kana kwamba natafuta mbuzi aliyepotea.
"Mmeipata?"
"Panya wameipata, mama. Wengi wao."
Nikasikia kuku wake, na mtu akisukuma baiskeli.
"Basi," akasema, "panya wa Entebbe wana bahati."

Kabla ya kufunga nilipita chumba cha vizimba.
Wa kumi na nne alikuwa macho,
ameketi juu ya maranda,
ameshika punje ya mahindi kwa mikono miwili,
anakula.